Mama Semina na Kiti cha Asumini

Huku kwetu mtu akikufikia bila salamu unajua ama amefiwa ama ana hasira na wewe. Mama Semina hakuwa na lolote kati ya hayo, lakini kila alipofika mgodini alishuka kwenye gari, akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaniuliza kabla hata mkoba wake haujatua chini, "Asumini yuko wapi?" Nikishamjibu ndipo alipokumbuka kunipa mkono na kuuliza habari za nyumbani.

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa lile lile. "Bado yuko jikoni, mama." Nililisema nikiangalia viatu vyangu. Siku za ujio wake nilishindwa hata kunywa chai ya asubuhi, na sababu yake ilikuwa swali hilo moja ambalo nilijua linakuja na jibu ambalo nilijua halijabadilika.

Tulimwita Mama Semina. Jina lake halisi lilikuwepo kwenye makaratasi ya ofisini, ila sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, na hapa nami sitalitumia. Mgodi ulimpa mkataba wa kuendesha semina za kuheshimiana kazini, yaani ubaguzi wa rangi, wa kabila, wa dini, na huu wa kumwona mwanamke hawezi. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mngoni aliyeletwa Nachingwea na ndoa, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza. Mimi ni mtu wa Mtua, msaidizi katika ofisi ya rasilimali watu ya mgodi mmoja wa madini ya kinywe upande wa Ruangwa. Kazi yangu kwake ilikuwa kupanga viti, kuita watu na kuwa na wasiwasi. Katika hilo la mwisho tulifanana.

Wasiwasi wake ulikuwa mikononi. Dakika chache kabla ya kuanza vidole vilianza kumcheza, akavificha ndani ya kanga aliyojitupia mabegani, akawa anatafuna karafuu moja baada ya nyingine. Alikataa kukaa mahali ambapo mlango uko mgongoni kwake. Alikuwa anaogopa mameneja, tena anawaogopa kweli, na aliniambia waziwazi. "Mwanangu, wale wananitisha. Usiniache peke yangu." Nikamwuliza kama anaogopa hivyo kwa nini asiache. Akanitazama kana kwamba nimesema neno la matusi. "Nimwachie nani Asumini?" alisema.

Kwa hiyo niseme habari za Asumini, maana bila hizo mama huyu haeleweki.

Asumini ni mtu wa Malolo hapa hapa Ruangwa, Mmwera, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Greda alijifunza kwa mkandarasi wa barabara, akapata leseni, akaja mgodini akapewa kiti cha greda moja kwa moja. Aliposawazisha barabara ya kwenda shimoni madereva wa malori walikuwa wanamshukuru kwa honi. Lakini mgodi wetu ulikuwa na ngazi ambazo hakuna aliyezitangaza. Juu kabisa wageni wa kutoka nje, chini yao Watanzania wenzetu waliokuja na ujuzi kutoka mikoa mingine, na chini kabisa sisi wa hapa, tuliokuwa tunaitwa "wenyeji" kwa namna ambayo ukiisikia unajua si sifa. Mwenyeji ni wa kufagia, kulinda geti na kubeba. Msimamizi wa mitambo, mtu wa kuja, mwenye mwili na kicheko kikubwa, alikuwa na wimbo wake kila zamu ikianza. "Watu wa korosho nyie! Msimu ukiisha mnalala mpaka msimu mwingine. Na huyu mama naye, greda na Malolo wapi na wapi? Atalima ufuta barabarani." Watu walicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga nani apande mtambo gani.

Ndipo ikaja semina ya kwanza. Mama Semina alikuwa mgeni kwetu, ana moto, ana picha za ukutani na maneno makubwa. Ukumbi ulijaa, mameneja mbele, wafanyakazi nyuma. Katikati ya mchana alisema anataka tusikie maumivu ya kweli kutoka kwa mtu wa kweli. Alikuwa ameshadokezwa habari za Asumini. Akamnyooshea mkono kwa upole kabisa.

"Dada yangu, simama. Simama hapa katikati, tukuone wote. Wenzako tunakusikiliza. Tueleze, ulijisikiaje?"

Asumini hakutaka. Nilikuwa karibu naye, niliona alivyoshika kiti. Lakini mwalimu mtu mzima akikuita kwa upole mbele ya watu, huku kwetu hukatai. Akasimama, akaeleza kwa sauti yake ile ya chini, akamtaja msimamizi naye akiwa amekaa palepale amekunja mikono. Watu walipiga makofi. Mama Semina alifuta machozi. Msimamizi akasimama, akacheka, akasema hakujua kama dada ameumia, yeye alikuwa anatania tu, "Sisi na hawa si watani jamani?" Makofi tena. Tukala pilau, tukanywa soda, tukaaga.

Siku chache baadaye Asumini aliondolewa kwenye greda. Hakuna aliyemfokea. Aliambiwa kwa heshima kubwa kwamba kwa kuwa mazingira ya mitambo yanamuumiza, mgodi umeona umpumzishe mahali penye utulivu. Mahali penyewe palikuwa jikoni, kumenya viazi. Msimamizi ndiye aliyependekeza, akitumia maneno aliyoyasikia semina.

Mama Semina aliyapata hayo alipokuja mara ya pili, akauliza kwa furaha yuko wapi yule dada shujaa, nami nikamwonyesha dirisha la jikoni. Alikwenda mwenyewe. Sikusikia walichoongea, na baadaye nilijua hawakuongea kitu. Asumini alimwona, akashusha macho kwenye viazi, akaendelea kumenya mpaka mama akaondoka. Toka siku hiyo hakumsemesha tena. Akipita mama, yeye hupitia upande wa mapipa. Na toka siku hiyo mama huyu akaacha kusalimia kwanza.

Nimekutana na watu wengi wanaofundisha mambo ya semina. Wengi wakikosea husema washiriki hawakuelewa. Yeye alikuwa akijilaumu kupita kiasi, mpaka anachosha. Tulikuwa tunaweza kuwa tunaongea habari za mvua au bei ya mchele, ghafla anasema, "Mimi ndiye niliyemsimamisha." Nilimwambia mara kadhaa kuwa aliyemtoa kwenye greda ni msimamizi. "Alimtoa kwa mkono wangu," alinijibu. Na ilikuwa kweli.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa na mdomo. Watu wa mjini Lindi aliwaita wasemaji wasiofanya, na aliniambia hivyo akiwa anatoka kufundisha kwamba tusiwapake watu wa mahali pamoja rangi moja. Nilimkumbusha. "Ya semina ni ya semina," alisema, "na Lindi ni Lindi." Kwenye viti alikuwa dikteta. Nikivipanga kwa safu alinifanya nivitoe vyote niviweke duara, na watu wa idara moja wasikae pamoja, na soda zisitoke mpaka mwisho, kwa sababu alidai watu wa Ruangwa tukishapata soda tunakuwa tumeshahitimu. Sifa hakuwa anatoa. Nilimfanyia kazi muda wote ule na neno zuri kabisa nililopata kwake ni "leo hukuchelewa".

Tena alikuwa na lake la nyumbani. Mwanawe wa kiume alioa binti Mwislamu wa Ruangwa, familia ya watu wema wa kilimo, na mama huyu aliyetukalisha duara tukae mchanganyiko hakwenda kwenye ndoa. Alijifungia chumbani akasema kichwa kinamuuma. Nililijua hilo kutoka kwa watu wa Nachingwea, nikalificha kama mtu anavyoficha doa la nguo yake mwenyewe, nikiogopa siku msimamizi akilisikia atalitumia. Sikujua kwamba atalitoa mwenyewe.

Kosa lake la pili alilifanya kwa ajili ya kurekebisha la kwanza. Alipoona kwamba msimamizi amejikinga kwa neno utani, aliandika bango, mgodi ukalibandika kila mahali: ni marufuku kutaniana kwa makabila kazini. Meneja alifurahi, maana bango ni rahisi. Siku hiyo hata mimi niliona tumepata dawa.

Kisha mzee mmoja wa ghala letu akafiwa na mama yake huko Mandawa. Tulikwenda kwa gari la mgodi, barabara vumbi tupu. Anayejua misiba ya huku anajua kazi ya watani. Hao ndio wa kumzuia mchimba kaburi asiendelee mpaka apewe kitu, wa kumwiga marehemu anavyotembea, wa kusema bibi huyu alikuwa mchoyo wa mboga, hadi mfiwa aliyekuwa analia anajikuta anacheka akiwa na machozi yake. Mgodini kwetu Wangoni walikuwepo wengi, watani halali wa Wamwera wenye msiba. Walifika, wakapeana mikono, wakakaa kimya kwenye mkeka. Mama Semina naye alikuwepo, Mngoni kama wao, amejifunika kanga. Saa zilikwenda. Hakuna aliyemwiga bibi. Hakuna aliyeshika jembe la mtu. Mwisho dada wa marehemu, bibi mkongwe asiyejua Kiswahili kingi, akaja mpaka pale mkekani, akainama.

"Wangoni," alisema, "tumewakosea nini sisi? Ndugu yenu anakwenda, nyie mmemnunia."

Mtu angeanzaje kumwambia kuna bango? Nilimwangalia Mama Semina. Mikono ilikuwa inamtetemeka nje ya kanga, hakujali tena kuificha. Kesho yake asubuhi kabla ya zamu alipita kituo kwa kituo akiyabandua mabango yake kwa kucha.

Toka hapo ndipo alipoanza kufanya kazi ninayoiita kazi. Alikwenda kwa msimamizi, akamwuliza mbele yangu, bila kupaza sauti, "Ndugu yangu, utani wako na Wamwera ni wa lini? Nani aliwaunganisha?" Msimamizi akacheka kile kicheko. "Mama, si utani tu jamani." Mama akamwambia, "Mtani ni yule ambaye akikurudishia kesho yake anaamka na kazi yake. Asumini alikurudishia mara moja tu, tena kwa adabu. Yuko jikoni." Msimamizi hakucheka tena. Alipotugeuzia mgongo, mama alinishika mkono. Alikuwa ameogopa mno, na mimi pia.

Maneno hayo ya mtani aliyatumia kila mahali baadaye, mpaka walinzi wa getini wakawa wanaulizana kama fulani akirudisha utani ataamka na kazi yake. Lakini yeye alikuwa ameshaacha kuamini maneno. Alianza kusema semina ya siku moja ni sherehe. Hakutaka tena ukumbi. Hakumsimamisha tena mtu aeleze machungu yake, hata aliyejitolea alimrudisha kitini. Alikaa na wakubwa peke yao, kabla ya wadogo. Na kwa wakubwa hakuuliza wanajisikiaje. Aliuliza wanafanyaje. Nani anapanga mitambo? Anapanga kwa kipimo gani? Usaili kwa nini ni Kiingereza kitupu, greda linasikia Kiingereza? Kila alipoondoka alimwachia kila mmoja kitu kimoja cha kubadilisha, kidogo tu, na alirudi bila kutoa taarifa kuja kukitazama.

Meneja mkuu, mgeni wa kutoka nje, alikuwa na tabia ya kuwaita wanaume wote Juma. Si kwa ubaya, majina yalimshinda na hakujisumbua. Siku ya kikao Mama Semina alimwita kwa jina la meneja aliyekuwepo kabla yake, asubuhi nzima, kwa tabasamu. Meneja akamsahihisha, akamsahihisha tena, mwishowe akawa mwekundu. "Samahani sana bwana," alisema mama kupitia kwangu mkalimani, "mnanichanganya, mnafanana." Nilitafsiri nikijiona nimeshafukuzwa kazi. Kisha meneja akaangalia chini, akaniuliza mimi jina langu. Nilikuwa nimemfanyia kazi muda mrefu. Tulipotoka nje nilitaka kushangilia, lakini mama alikuwa amekaa kwenye ngazi amejishika kichwa. Alisema amefanya kwa hasira lile lile analowakataza watu, na safari hii mkataba wake ameuchana mwenyewe.

Katika kikao kingine, mmoja wa wasimamizi alisema kwa kejeli kwamba ni rahisi kuhubiri, mhubiri mwenyewe nyumbani kwake kukoje? Nikajua limefika. Mama Semina aliitoa karafuu mdomoni. "Nyumbani kwangu kubaya," alisema. "Mwanangu ameoa Mwislamu, nikagoma kwenda kwenye ndoa. Sasa nina mjukuu, ananyonya kidole, na mama yake ananiogopa. Nikienda kwao anasimama mpaka niondoke. Hicho ndicho nilichopata. Haya, tuendelee, nani anapanga mitambo?" Hakulia, wala hakungoja tumhurumie.

Kwa hiyo yapo yaliyobadilika. Majina yalianza kutamkwa. Usaili wa madereva ukaanza kufanyika kwa Kiswahili. Kwenye mkutano mfupi wa usalama wa kabla ya zamu, mpangilio wa mitambo ukawa unasomwa kwa sauti na mtu anaruhusiwa kuuliza kwa nini. Lakini kila mama alipokuja, jibu langu lilibaki lile lile. Msimamizi alikuwa bado yupo, na kila ilipotajwa habari ya Asumini alisema kwa huruma kwamba dada yule amekaa muda mrefu bila mtambo, mkono umeshakufa, ni hatari kwa wenzake. Na hilo ndilo lililotutisha, kwa sababu lilikuwa linazidi kuwa kweli kila mwezi uliopita.

Ombi la mwisho la Mama Semina lilikuwa hili: kiti cha mtambo kisitolewe kwa mdomo wa msimamizi. Anayekitaka afanye jaribio palepale kwenye mtambo, mbele ya kamati ambayo ndani yake wamo pia waendesha mitambo wenyewe. Meneja alikubali, kwa sharti moja. Atakayeshindwa asirudi kuomba tena. Mama alikubali sharti hilo, kisha akakosa usingizi kwa sababu yake. Alinipigia simu hata mchana wa Jumapili. "Nimemfungulia mlango au nimemwekea mtego?" aliuliza. Ningekuwa na jibu ningelitumia mimi mwenyewe kupata usingizi.

Kabla siku haijapangwa, akaugua. Kiharusi, chepesi, walisema hospitalini, lakini mguu wa kushoto ukawa mzito na mkono wa upande huo, uliokuwa ukimtetemeka, ukatulia moja kwa moja. Mkataba ulikwisha akiwa kitandani na mgodi haukuuhuisha. Waliona semina zimeshafanyika vya kutosha.

Nilimweleza Asumini habari za ugonjwa nikiwa kwenye foleni ya chakula. Alinipakulia wali, akanipakulia maharage, akasema, "Anayefuata."

Siku ya jaribio iliangukia kwenye ruhusa yangu. Ningeweza kuahirisha, lakini niseme kweli, nilikimbia. Nilijua nikikaa nitaona kila kosa, nitaona uso wa msimamizi. Nikapanda gari la Nachingwea asubuhi, nikasema walau nimwone mgonjwa. Njia nzima nilikuwa naona chuma cha greda kinakwaruza pasipotakiwa.

Alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha mbao chenye mito, uso kwenye mlango kama kawaida yake. Mkwewe, yule binti wa Ruangwa, ndiye aliyenifungulia. Alikuwa anamlisha uji, na alikuwa amekaa, hakusimama. Nililiona hilo nikafurahi, lakini furaha haikupata nafasi.

"Asumini yuko wapi?" Ulimi ulikuwa mzito, ila neno lilitoka kamili.

"Leo ndiyo anafanya jaribio, mama. Sasa hivi."

Akafumba macho. "Na wewe umekuja kufanya nini huku?"

Tulikaa. Mkwewe alileta chai, ikapoa. Simu yangu niliiweka mezani, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Nilimpigia mwenzangu wa ofisini, hakupokea. Adhana ya adhuhuri ilitoka, mkwewe akaenda ndani kuswali, mama akawa anahesabu rozari kwa mkono mmoja, na mimi nisiyejua niombe vipi nikawa naangalia nzi kwenye kikombe. Mama aliniambia kama Asumini ameshindwa nisimfiche. Halafu akasema nimfiche. Halafu akasema, "Hata akishinda, mwanangu, mimi kwangu yeye hatakuja kusema kitu. Na ana haki." Alisema hivyo kwa utulivu, na mimi ndiye niliyelengwalengwa na machozi.

Jua lilikuwa limeshageuka pikipiki iliposimama nje. Hodi ilipigwa, mlango ukafunguka bila kungoja karibu. Asumini alikuwa amesimama kizingitini na fulana yake ya rifleta, buti miguuni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sikuweza kusoma chochote kwenye uso wake. Nilisimama.

Alimtazama mgonjwa muda mrefu.

"Mama," alisema kwa ile sauti ya chini, "simama."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Simama hapa katikati, tukuone wote. Wenzako tunakusikiliza."

"Dada Asumini, mama ni mgonjwa," nilisema. Hakunisikiliza. Mkwewe alikuwa ametoka chumbani, amesimama na mkeka wa kuswalia mkononi, hajui afanye nini. Na Mama Semina alikuwa anainuka. Alishika meza kwa mkono wa kulia, mguu ukaburuta, nikamkimbilia akanisukuma. Alisimama katikati ya sebule yake, amepinda upande mmoja, midomo inamcheza. Nilimchukia Asumini kwa dakika ile. Niseme wazi, nilimchukia.

"Haya," Asumini alisema. "Tueleze. Ulijisikiaje?"

Kisha Asumini akapita mbele yake na mabuti yake, akajibwaga kwenye kile kiti cha mito, akanyoosha miguu.

"Miguu inaniuma," alisema. "Nimeshinda kwenye greda toka asubuhi, kamati wamenizungusha weee, mwisho wamechoka wao. Kesho naingia zamu. Sasa hiki kiti nimekichukua. Nyie Wangoni mmezoea kusimamisha watu, leo nanyi simameni muone utamu wake. Tena sura yenyewe ilishapinda tangu zamani, tunasingizia kiharusi."

Mkwewe aliweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nasubiri, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa huu ni utani, lakini sikujua kama ulimi ule mzito utaweza kuurudisha. Mama Semina alipumua kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja.

"Nilijisikia njaa," alisema, neno kwa neno. "Nilikuja kwenu Wamwera toka asubuhi... mkaninyima mpaka viazi. Na viazi vyote... unavyo wewe."

Asumini alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, ni kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Mkwewe naye akacheka, na mama akacheka kwa upande wa uso unaocheka. Nilivuta kigoda haraka nikamwekea nyuma yake, nikamshika bega ili akae, maana mguu ulikuwa unatetemeka sasa.

Akautoa mkono wangu.

"Niache, mwanangu," alisema. "Sijamaliza kueleza."